La mgambo likilia mwilini

Wahenga walinena kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Methali hii nimeifundisha miaka mingi katika mtaa wa Kawangware, na siku zote nilidhani nimeielewa barabara. Niligundua kwamba sikuielewa siku mwiba mmoja ulipopenya katika kidole cha mwanafunzi wangu.

Shule yetu ilizungushiwa ua wa kayaba, ule mti wenye miiba mirefu unaopandwa Nairobi ili kuzuia wezi na mifugo. Mpira uliangukia uani, kijana mmoja wa darasa la sita akaufuata, akarudi akinyonya kidole. Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba, ngozi imekaza na kung'aa, kina moto na kinampwita. Aliniuliza swali la haki kabisa: ikiwa mwiba wenyewe ni mwembamba kama sindano, mbona kidole kizima kimevimba? Nami, kwa pupa ya mtu asiyetaka kuonekana hajui, nilimjibu kwamba hiyo ni damu chafu iliyokusanyika.

Jibu hilo lilifika nyumbani. Mama yake akaona kwamba dawa ya damu chafu ni kuuondoa uvimbe, akanunua vidonge vya kupunguza uvimbe bila cheti cha daktari. Uvimbe ukapungua kweli, nasi sote tukafurahi. Siku ya tano mkono ulikuwa umeumuka hadi kwenye kiwiko na mtoto anatetemeka kwa homa. Hospitalini walimpasua, wakatoa kipande cha mwiba na kuosha usaha. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini kidole kile hakikunjiki sawasawa hadi leo.

Daktari kijana aliyemhudumia alinieleza, kwa adabu iliyozidi kunitia haya, kwamba vidonge vile vilikuwa vya jamii ya steroidi, na kazi ya steroidi ni kuzima wito ambao mwili hutumia kuwaita walinzi wake. Uvimbe haukuwa ugonjwa. Ulikuwa mbiu. Sisi tuliinyamazisha mbiu na kumwacha adui ndani. Jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu, nikishika barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha Ngong Road hadi soko la Toi, na kuingia Makina, Kibera, ninakoishi. Njiani nilikata shauri kumtafuta mtu aliyeifundisha dunia kuisikiliza mbiu hiyo. Nilimpata vitabuni, na la kunishangaza ni kwamba naye alianza na mwiba.

Ilya Ilyich Mechnikov alizaliwa mwezi Mei mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ambayo sasa ni Ukraine na ambayo zama zile ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Chuo kikuu cha Kharkiv kilikuwa na masomo ya miaka minne. Yeye aliyamaliza kwa miwili, akahitimu mwaka 1864. Hakusomea udaktari. Alisomea wanyama, hasa wale wadogo wa baharini ambao wengi wetu huwakanyaga tu ufuoni, akawafuata hadi Ujerumani na Italia akiwa na hadubini yake. Mwaka 1867, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa tayari anafundisha katika chuo kikuu cha Odessa, na baadhi ya wanafunzi wake walimzidi umri.

Msomaji asidhani kwamba maisha ya msomi huyu yalikuwa mteremko. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, binti aliyekuwa na kifua kikuu kilichomdhoofisha hata akabebwa kitini hadi kanisani siku ya arusi yake. Kwa miaka minne mume alihangaika kumpeleka penye hewa ya joto, na hatimaye kisiwani Madeira, ambako Ludmila alifariki mwaka 1873. Mechnikov alikata tamaa akajaribu kujitoa uhai, akanusurika. Alioa tena mwaka 1875, naye mke wa pili, Olga, akashikwa na homa ya matumbo mwaka 1880. Mwaka uliofuata, mumewe alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kurejearejea, ndugu wa homa ya papasi tunayoijua Afrika Mashariki. Alitaka kujua kama homa hiyo huambukizwa kwa damu, lakini waliomjua waliona pia kwamba hakujali tena kama angeishi. Aliugua vibaya sana, akapona. Olga naye akapona, akawa mwandani wake katika kazi hadi mwisho.

Ninayasimulia haya kwa sababu wanafunzi wetu hudhani kuwa wavumbuzi waliumbwa kwa udongo mwingine. Huyu aliumbwa kwa udongo uleule unaopasuka kwa jua la dhiki.

Mwaka 1881 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliuawa, na vyuo vikuu vikagubikwa na siasa na shuku. Mwaka 1882 Mechnikov alijiuzulu Odessa, akahamia na jamaa yake mji wa Messina, katika kisiwa cha Sicilia. Hakuwa na kazi wala cheo. Alikuwa na nyumba ya kupanga, hadubini, na bahari mbele yake.

Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi ya nyani. Yeye alibaki nyumbani peke yake akichungulia vitoto vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota ambaye watu wetu wa pwani wanamfahamu vyema. Vitoto hivyo hupenyeka mwanga kama kioo, hivyo mtu aweza kuona yanayotendeka ndani yake bila kuvipasua. Ndani yake Mechnikov aliona seli zinazotambaa huku na huku. Alikwisha kujua, tangu uchunguzi wake wa minyoo bapa mwaka 1865, kwamba baadhi ya seli hutambaa na kumeza chakula. Akajiuliza: je, kama seli hizi zinaweza kumeza chakula, haziwezi kumeza adui?

Wazo hilo lilimtoa kitini. Alizungukazunguka chumbani, akaenda ufuoni kutuliza moyo. Kisha akaona namna ya kulipima. Iwapo wazo lilikuwa la kweli, mwiba ukiingizwa ndani ya mnyama huyu asiye na mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu kama yetu, seli zile zingeufuata na kuuzingira, kama zinavyokusanyika katika kidole cha binadamu kilichochomwa. Katika bustani ya nyumba palikuwa na mchenza mdogo ambao watoto walikuwa wamepambiwa kwa Krismasi, na pia palikuwa na mawaridi. Alichuma miiba ya waridi, akaiingiza chini ya ngozi ya vitoto vile. Usiku hakupata usingizi. Alfajiri alipoinamia hadubini, aliiona miiba imezingirwa na umati wa seli.

Ili tuuone uzito wa jambo hilo, lazima tukumbuke yaliyoaminika wakati ule. Tangu siku za Celsus wa Roma, takriban miaka elfu mbili iliyopita, matabibu walizitaja ishara nne za uvimbe wa namna hii: wekundu, umuko, joto na maumivu. Mwaka 1867 Mjerumani Julius Cohnheim alitazama vishipa vya damu vya chura aliye hai, akaona chembe nyeupe zikipenya ukutani na kutoka nje, na kwamba usaha hutokana nazo. Lakini wengi waliona kutoka huko kuwa ni kuvuja tu, sawa na mfereji uliotoboka. Hata pale vijidudu vilipoonekana ndani ya chembe nyeupe, walisema kwamba chembe hizo huvibeba na kuvisambaza mwilini. Kwa maneno mengine, mlinzi alidhaniwa kuwa mwizi.

Mechnikov aligeuza hukumu. Alidai kwamba chembe nyeupe hazikuvuja bali zilikwenda, na kwamba zilikwenda kwa kusudi. Katika mnyama asiye na damu hapakuwa na mfereji wa kutoboka, na bado seli ziliufuata mwiba. Rudolf Virchow, gwiji wa elimu ya maradhi, alipopita Messina alimpa moyo na pia kumtahadharisha, maana wakubwa wengi walifundisha kinyume. Huko Vienna alipewa jina la Kigiriki la kuziita seli hizo: fagosaiti, yaani seli zilazo. Mwaka 1883 aliitangaza nadharia yake, na mwaka 1884 akaonyesha jinsi dafnia, kidudu kidogo cha majini, anavyopona au kufa kutegemea kama seli zake zimewahi kuzimeza mbegu za kuvu zilizomvamia.

Upinzani ukazuka. Mwaka 1886 alifanywa mkurugenzi wa kituo kipya cha bakteriolojia mjini Odessa, lakini kwa kuwa hakuwa daktari alikumbwa na vikwazo na masimango. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimkaribisha Paris na kumpa maabara, naye hakuondoka hapo hadi kufa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alibishana na wanasayansi wa Ujerumani waliosema kwamba kinga yote imo katika majimaji ya damu. Mwaka 1908 kamati ya Nobel iliitunuku kambi zote mbili tuzo moja: Mechnikov kwa ajili ya seli, Paul Ehrlich kwa ajili ya majimaji. Leo twajua kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu vitu vilivyomo katika majimaji hayo huwapaka vijidudu alama, na alama hizo huwafanya walaji wawameze kwa urahisi zaidi.

Lakini swali la mwanafunzi wangu bado linadai jibu. Seli hizo hujuaje mwiba uko wapi? Mwaka 1888 Theodor Leber alionyesha kwamba chembe nyeupe huvutwa na kemikali, nalo jambo hilo liliipa nguvu hoja ya Mechnikov. Hata hivyo yeye alifariki kabla ya barua zenyewe kusomwa. Zilisomwa baadaye, na hasa tangu miaka ya 1980.

Tuitazame Ngong Road saa za jioni. Matatu zinapita mbio, kila moja imejaa abiria. Abiria atashukaje penye shida ikiwa gari halisimami? Mshipa wa damu ndio barabara hiyo. Katika nyama ya kidole wanaishi walinzi wakazi, wakiwemo makrofaji, seli kubwa ambazo Mechnikov ndiye aliyezipa jina. Vijidudu vilivyoingia na mwiba vikiguswa na walinzi hawa, wao hupiga mbiu kwa kumwaga protini ndogo ziitwazo saitokini. Vishipa hupanuka, damu ya moto huongezeka, na kuta zake huruhusu maji kupita. Ndiyo sababu ya joto na umuko. Kisha ukuta wa ndani wa mshipa huchomoza vishikizo viitwavyo selektini. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili iliyokuwa ikipita kasi hunaswa kidogo, ikaanza kubingirika ukutani polepole, kama gari ambalo utingo amegonga bati ili dereva apunguze mwendo.

Hapo ndipo amri ya pili inapotolewa. Ukutani kumebandikwa kemokini, nazo ndizo zinazoiambia nyutrofili kwamba kituo ni hiki. Mara nyutrofili hukunjua vishikizo vyake yenyewe, viitwavyo integrini, ikaukamata ukuta na kusimama kabisa. Kisha hujipenyeza kati ya seli za ukuta, ikatoka nje na kufuata kemikali zinazozidi kukolea kuelekea penye mwiba, kama mtu anayefuata harufu ya chapati hadi kibandani. Nyutrofili hufika saa za mwanzo, humeza, huua, na nyingi hufia papo hapo. Maiti zao ndizo sehemu kubwa ya usaha nilioita damu chafu. Baada ya siku moja au mbili makrofaji wengi zaidi huwasili, huwala vijidudu pamoja na maiti za wenzao, na iwapo adui amekwisha, hubadili ujumbe: mbiu inyamaze, ujenzi uanze.

Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila integrini hizo. Damu yao imejaa nyutrofili, lakini hakuna inayoweza kushuka kituoni. Vidonda vyao havitungi usaha, wala haviponi. Msomaji akitaka kujua thamani ya usaha, na awafikirie hao.

Mambo haya si ya Paris peke yake. Kishikizo kimojawapo cha ukuta wa mshipa, ambacho integrini hukikamata, huitwa ICAM-1. Vimelea vya malaria vimejifunza kukitumia, ili chembe nyekundu walizozivamia zing'ang'anie mishipani, hata katika ubongo. Mwaka 1997 wanasayansi walitangaza umbo la pekee la kishikizo hicho lililogunduliwa kwa watoto wa Kilifi, nalo likapewa jina la Kilifi. Katika utafiti huo, watoto wenye umbo hilo walionekana kuwa katika hatari zaidi ya malaria ya ubongo, ingawa tafiti za baadaye kwingineko Afrika zilitoa matokeo yanayotofautiana. Ndivyo sayansi inavyokwenda: jibu moja huzaa mabishano kumi.

Hata kifua kikuu, kilichomuua Ludmila na ambacho hakijatoka Kibera wala Kawangware, ni kisa cha wito uohuo. Makrofaji humeza kijidudu cha kifua kikuu lakini mara nyingi hushindwa kukiua, hivyo seli nyingi huitwa kukizungushia boma. Boma hilo husimama maadamu ujumbe unaendelea kupelekwa. Virusi vya Ukimwi vikipunguza walinzi, au dawa fulani ikizima saitokini inayoliimarisha, boma hubomoka na ugonjwa uliolala huamka. Je, kama Mechnikov angejua hayo usiku ule wa Madeira?

Uzeeni aligeukia swali la kwa nini watu huchakaa. Aliamini kwamba vijidudu vya utumbo hututia sumu, akasifu maziwa yaliyochachushwa, akayanywa kila siku na kuandika juu yake katika kitabu cha mwaka 1907. Wanywaji wa maziwa lala na mursik wangemcheka kwa kuchelewa kufika. Katika hilo alitumaini kupita kiasi, kwani maziwa hayakumpa miaka aliyoitazamia. Moyo ulimchosha, akafariki Paris tarehe 15 Julai 1916, vita vikuu vikiendelea, akiwa na miaka 71. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi ya Pasteur.

Sisemi kwamba kila uvimbe uachwe utakavyo. Mbiu yaweza kulia pasipo adui, kama katika pumu na baadhi ya maradhi ya viungo, ambapo walinzi huvunja nyumba wanayoilinda. Hapo steroidi huokoa maisha, ikitolewa na mtu anayejua. Kosa letu lilikuwa kuizima mbiu kabla ya kuuliza imelizwa na nini. Kosa hilo hutendeka kila siku katika vichochoro vyetu, kwa kuwa dawa iko karibu na daktari yuko mbali, na kwa kuwa mwalimu aliyeulizwa alijibu asilolijua.

Kwa walimu wenzangu nasema hili. Wengi wetu hatuna hadubini, lakini hakuna aliyekosa mwanafunzi mwenye kidonda na swali. Siku yule kijana aliponiuliza, ningalimwambia sijui, tutafute pamoja, huenda tungalimtafuta mtu wa kuutoa mwiba badala ya mtu wa kuuza vidonge. Nilipomweleza baadaye kisa cha miiba ya waridi alinisikiliza kwa makini, akakitazama kidole chake kilichokakamaa, kisha akaniuliza swali jingine: hao askari waliokufa mkononi mwake, nani aliwaambia wenzao waliobaki kwamba vita vimekwisha?

Nilimjibu kwamba walaji waliowameza ndio waliopeleka habari, na kwamba wenye elimu bado wanaichunguza njia nzima ya habari hiyo. Safari hii sikuona haya kuufikisha ujuzi wangu hapo na kusimama.